Twiga wa Mexico aniumbua Masaki!

Safari hii nimekuja na aibu nimejitwisha kichwani kama ndoo ya maji.

Jumamosi iliyopita nilitia timu kwenye shughuli moja Masaki, nyumba ya watu walionazo. Usiniulize mwaliko niliupataje, mjini hapa kila mtu na ujanja wake. Nimetinga shati la mikono mirefu, kiatu kinang'aa, na pembeni yangu kuna binti mmoja tuliyekutana hapohapo getini, ambaye kwa dakika kama ishirini hivi alikuwa anaamini kwamba mimi ni mtu wa maana.

Basi bwana, tunaingia sebuleni, pembeni ya ngazi kasimama twiga. Wale twiga wa mpingo wa pale Mwenge tumewazoea, huyu alikuwa mwingine kabisa. Huyu kasukwa! Kanizidi urefu, mwili mzima ni majani makavu yenye rangi ya asali, shingo imepanda juu bila kupinda, masikio yamechomoza, hadi kwato zimesukwa. Ukimwangalia kwa mbali unaweza kumtafutia maji.

Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha usomi. Nikamshika shingo, nikawageukia wageni: "Hii kazi ya Bagamoyo hii. Na kama si Bagamoyo, ni Rufiji. Huu ni ukindu, mnauona? Wazungu wanakuja kuununua kwa bei ya kutupa..." Nikaendelea hivyo hivyo mpaka nikafika kwenye ukoloni.

Mwenye nyumba, mama mmoja wa makamo, mpole, akaniacha nimalize. Kisha akasema taratibu: "Mwanangu, huyo nimekuja naye kutoka Mexico. Na wala si ukindu. Ni majani ya ziwani."

Yule binti alicheka mpaka juisi ikamtokea puani. Nikajitetea, maana mwanamume hafi kimyakimya. "Kwani Mexico kuna twiga, mama?"

"Hakuna," akasema. "Labda wa bustani ya wanyama."

Akainama akanionyesha kikaratasi kilichofungwa mguuni kwa uzi: Ihuatzio, Michoacán. "Majani yenyewe wanayaita chuspata."

"Shupatu?"

"Chuspata."

"Si ndiyo shupatu hiyo mama, ila wao wanatamka vibaya?"

Hapo hata wahudumu walicheka.

Kwa ninyi mliozaliwa juu ya godoro la sponji, shupatu ni ule utepe mpana uliosukwa kwa majani ya mkindu au miaa, ambao huunganishwa na wenzake mpaka ukawa jamvi, au huwambwa kwenye kitanda cha kienyeji. Mama yangu mkubwa, yuko Kilwa, amesuka mambo hayo tangu sijazaliwa. Huyo nitamrudia, maana ndiye aliyenimaliza kabisa wiki hii. Kuhusu maneno yenyewe, nimefuatilia, msinirukie: shupatu na chuspata hayana undugu wowote. Yamefanana tu kama watu wawili wasiojuana waliovaa shati la aina moja kwenye daladala. Lakini lile shati ndilo lililonifanya nirudi nyumbani na kukesha nikisoma habari za kijiji ambacho hadi Ijumaa nilikuwa sikijui hata kwa jina.

Ihuatzio iko kando ya Ziwa Pátzcuaro, katika jimbo la Michoacán, magharibi ya Jiji la Mexico. Ziwa lenyewe liko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo asubuhi kuna baridi ya kuvaa sweta, Lushoto hivi. Wenyeji wake ni Wapurépecha, na hawa jamaa si wa kuchezea. Waazteki, ambao waliwatisha majirani zao karibu wote, walijaribu kuwapiga Wapurépecha wakarudi wanachechemea. Miji mikubwa ya ufalme wao ilikuwa hapohapo ziwani: Pátzcuaro, na Tzintzuntzan, maana yake mahali pa wale ndege wadogo wa Amerika wanaosimama hewani wakinyonya ua, na Ihuatzio, maana yake mahali pa koyote, yule mbwa mwitu wa kwao anayefanana na bweha. Magofu ya mapiramidi yao yapo kijijini hadi leo. Yaani kijiji chenye jina la mnyama ndicho kinachosuka wanyama. Sisemi kitu, nawapa tu.

Kama uliangalia ile filamu ya katuni ya Coco ya mwaka 2017, yenye marehemu wanaorudi kusalimia ndugu, basi picha kidogo unayo. Waliotengeneza filamu hiyo walizunguka sana Mexico kabla ya kuchora, na Michoacán ni kati ya sehemu walizofika. Ile mishumaa na maua ya rangi ya machungwa makaburini, vijiji vya ziwa hili vimesifika kwa hayo kila mwanzo wa Novemba.

Sasa tuingie majini.

Ziwani kuna majani ya aina mbili yanayowapa watu kula. La kwanza linaitwa tule. Ni bua refu la mviringo, linampita mtu mzima, laini, ndani kama sponji. La pili ndiyo hiyo chuspata, jani bapa na refu kama upanga, la mmea ule wenye kichwa cha kahawia kama soseji iliyochomekwa kwenye kijiti. Mmea wa jamii hiyo hata kwetu upo mabwawani, na sisi tumeuacha ndege wajengee viota.

Mkataji anaingia na mtumbwi au kwa miguu mpaka maji kiunoni, mkononi mundu. Anakata chini, anafunga matita, anarudi nchi kavu. Majani yanatandazwa juani siku kadhaa mpaka yabadilike kutoka kijani hadi ile rangi ya asali niliyoiona Masaki. Yakikauka yanakuwa magumu na yanavunjika, kwa hiyo kabla ya kusuka yanalowanishwa tena kidogo ili yalegee. Kidogo, nasema. Ukizidisha yanaota ukungu, ukipunguza yanakatikia mkononi. Wanaosuka ukindu kwetu wanaijua hesabu hiyo, na kwao pia haijaandikwa popote, iko vidoleni.

Mnyama mdogo, bata au chura wa kukaa kiganjani, husukwa mikono mitupu. Lakini mkubwa kama yule aliyeniumbua ana siri ndani: mifupa ya chuma. Kwanza fundi wa kuchomelea anakunja fito na kuziunga mpaka ukaona umbo, miguu minne, mgongo, shingo, kichwa. Ukimwona katika hali hiyo unaweza kudhani ni kiti kilichoharibika. Ndipo msukaji anaanza kumvalisha nyama na ngozi.

Na hapo ndipo kwenye kazi. Mkeka ni kitu bapa, unakwenda mbele na unarudi. Goti la twiga halina mraba. Tumbo linapanuka, shingo inabana, sikio linakunjika, na kila mahali majani yanatakiwa yaongezwe au yapunguzwe bila mtu kuona pameungwa wapi. Dada zangu mnaelewa nikisema ni kama msusi anayeunganisha rasta: akiwa hodari hujui nywele zako zimeishia wapi na za dukani zimeanzia wapi. Akiwa bomu, mtaa mzima unajua.

Wanyama wa kusuka wa ukubwa huo ni mambo ya juzijuzi, karne ya 20 hiyo. Wazee wao walikuwa na mikeka. Mexico mkeka wa tule au wa majani mengine unaitwa petate, neno la Kinahuatl, lugha ya Waazteki, na kwa karne nyingi mtu wa kawaida alizaliwa juu ya petate, akalala juu yake, akaugulia hapo, na mwisho akazungushiwa huo huo akazikwa. Ndiyo maana hadi leo kijiweni Mexico mtu akifa wanasema "se petateó". Kwa Kiswahili chetu tungesema kajimkeka. Sisi tunasema kavuta, kila nchi na namna yake ya kuzunguka jambo. Na kitu kinachowaka kwa kishindo halafu kikazimika hapohapo wanakiita moto wa petate. Nawafahamu vijana kadhaa mtaani kwangu ambao mapenzi yao ni moto wa petate, sitawataja.

Hili nalo nililipenda. Waazteki na majirani zao walipotaka kusema mji mkubwa, mji hasa, walisema Tollan, yaani mahali penye matete. Kwa nini? Tafsiri moja ni kwamba watu wamejaa hapo na wamesongamana kama matete yanavyosongamana majini. Nimeifikiria tafsiri hiyo Jumatatu asubuhi nikiwa kwenye basi la Mbagala, kwapa la mtu liko sikioni kwangu. Waazteki walikuwa wameona mbali.

Wahispania walipoingia Michoacán mambo yalianza vibaya. Mwaka 1530 Nuño de Guzmán, mtu mwenye uchu wa dhahabu, alimtesa na kumuua mfalme wa Wapurépecha. Baadaye akaja Vasco de Quiroga, mwanasheria aliyefanywa askofu wa kwanza wa Michoacán mwaka 1538, na huyu wenyeji walimpenda kiasi kwamba mpaka leo wanamwita Tata Vasco, yaani Baba Vasco. Inasimuliwa kwamba ndiye aliyegawa kazi za mikono vijiji kwa vijiji, hiki shaba, kile vyungu, kile magitaa, ili kila kijiji kiwe na cha kumuuzia mwenzake na wasigombane sokoni. Kweli ukienda leo Santa Clara del Cobre utakuta nyundo zinalia juu ya shaba, na Paracho ni magitaa matupu. Nampa Tata Vasco heshima yake. Ila kusuka majani walikuwa wanajua kabla hajazaliwa. Mtu aliyekulia ziwani hafundishwi majani na mwanasheria.

Ukitaka wanyama wa majani walioingia mpaka kanisani, wako Jiji la Mexico kwenyewe. Kila mwaka, Alhamisi ya sikukuu ya Corpus Christi, mwezi wa tano au wa sita kutegemea Pasaka, karibu na kanisa kuu huuzwa nyumbu wadogo wa kusuka. Tuelewane, si nyumbu wa Serengeti, ni nyumbu yule mtoto wa punda na farasi. Wanatengenezwa kwa maganda ya mahindi, majani ya mitende au tule, na migongoni wamebebeshwa vitenga vidogo vyenye maua au matunda. Watoto nao huvishwa nguo za kienyeji, wavulana na ndevu za kuchorwa, vitenga mgongoni, wakapelekwa kubarikiwa. Wanasema zamani wakulima walikuwa wanakuja siku hiyo na nyumbu wao wamebeba malimbuko ya shamba kupeleka kanisani, ndipo ikabaki kumbukumbu.

Utamu uko kwenye utani wake. Siku hiyo inaitwa Siku ya Nyumbu, na ukimzawadia mtu kanyumbu unamwambia "hongera, leo siku yako". Nyumbu kwao ni kama punda kwetu, ukimwita mtu hivyo hujamsifia. Wapendanao wanapeana wanacheka, wafanyakazi wanawekeana mezani kimyakimya. Ukimpelekea bosi, uwe na kazi nyingine mfukoni.

Turudi kwa twiga, maana swali langu la Masaki lilikuwa la kijinga lakini halikuwa bure. Watu wasio na twiga wanasuka twiga wa nini? Koyote sawa, kulungu sawa, bata, samaki, bata mzinga, vyote vyao. Jibu ni mteja. Katika karne ya 20 watalii na wafanyabiashara wa fanicha walifika ziwani, na mtu anayeishi Chicago hataki koyote sebuleni, koyote anamwona kwenye jalala. Anataka tembo, anataka nyani ameshika taa, anataka twiga wa kusimama pembeni ya ngazi. Msukaji wa Ihuatzio akaangalia picha, akasuka. Akapatia kiasi kwamba mimi, mtoto wa nchi yenye twiga kwenye nembo ya ndege zake, nikamdai kuwa ni wa Bagamoyo.

Yuko mmoja ambaye wauza fanicha za kale Marekani wanamtaja kwa jina, Mario López Torres. Kazi zake za miaka ya 1970, tembo na nyani na wengineo waliosukwa juu ya chuma, nyingi zina alama yenye jina lake na mwaka, na leo zinatangazwa kwa bei za dola elfu kadhaa moja. Majani yale yale ya ziwani! Kilichoongezeka ni miaka, umbali na jina.

Hilo la jina lilinikaa rohoni usiku ule. Maana kwa wengi pale ziwani jina halipo. Wanauza barabarani, au wanangoja usiku wa marehemu watalii wafurike, au wanakwenda Uruapan kwenye soko kubwa la Jumapili ya Matawi ambapo mafundi zaidi ya elfu moja wa jimbo zima hutandaza kazi zao. Kuna mashindano na zawadi pale, aliyeshinda anapigwa picha. Wengine wanapambana na mteja aliyeinama, amemshika bata mkiani, anauliza kwani majani si bure, yameota yenyewe?

Msimcheke. Mara ngapi tumesimama Kariakoo mbele ya mama mwenye mikeka, tukamwambia "punguza mama, majani tu haya"? Mimi nimesema. Hiyo hiyo sentensi. Nikapunguziwa shilingi elfu tatu, nikazinywea soda.

Na yale majani yanayoota yenyewe yanahitaji maji. Upande wa Toluca, karibu na Jiji la Mexico, kulikuwa na mabwawa makubwa ya mto Lerma, yamejaa tule, watu wa vijiji vyake wakisuka petate na kuvua. Jiji likawa na kiu. Yakachimbwa mabomba na mahandaki kuvuta maji ya bonde hilo, mradi ukazinduliwa mwaka 1951, wakuu wakakata utepe, jiji likaoga. Mabwawa yakaanza kukauka. Kule kuna kijiji kinaitwa San Pedro Tultepec, na Tultepec maana yake ni kilima cha tule. Siku hizi ukikitaja, watu wengi wanakumbuka viti na makabati, maana mafundi wake waligeukia fanicha za mbao. Wasukaji wamebaki wachache. Jina la kijiji limebaki na tule yake, bwawa limeondoka.

Ziwa Pátzcuaro nalo limekuwa likisinyaa kwa miaka mingi, tope linaingia kutoka milimani na ukame unarudia. Mwaka 2024 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba boti zilikwama kwenye matope, na sehemu zilizokuwa za maji watu wakapita kwa miguu. Juu ya ukame kukawa na wizi. Magari ya maji yalikuwa yanakuja kunyonya ziwa kwa pampu, yanapeleka kwenye mashamba, maana Michoacán ndiyo mkoa wa maparachichi, yale yanayoliwa Marekani hutoka huko kwa sehemu kubwa, na parachichi linakunywa kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Serikali ya jimbo ikapeleka doria na mitambo ya kuzoa tope. Mvua zilivyokuja maji yakapanda kiasi.

Mimi si mtaalamu wa maziwa. Ila nilipokuwa nasoma hayo nilikuwa nakula kachumbari yenye parachichi, nikaliangalia, nikaliacha pembeni ya sahani. Baadaye nikalila. Lilikuwa la Njombe.

Sasa nimrudie mama mkubwa.

Nilipohamia chumba changu cha kwanza, mama alinitumia mkeka kutoka Kilwa kwa basi, umekunjwa, umefungwa kamba. Mkeka wa ukindu wenye rangi nyekundu na zambarau, mpana wa kulala watu wawili na mgeni. Nikaupokea, nikasema ahsante kwa simu, nikauweka uvunguni. Mtoto wa mjini analala kitandani bwana, na wageni wangu niliona watanicheka. Mwaka jana nikanunua pikipiki, ilikuwa inavuja oili, na mwenye nyumba hataki sakafu yake ichafuke.

Mmeshaelewa. Nilitandika mkeka chini ya pikipiki.

Jumapili asubuhi baada ya kukesha na Wapurépecha, niliusogeza ule mdudu wa chuma nikauvuta mkeka nje. Doa la oili ukubwa wa sahani, katikati kabisa. Nikachukua sabuni ya unga na brashi ya viatu, nikasugua mpaka jirani akaniuliza kama kuna msiba. Doa likawa jepesi, likapanuka, likakataa kutoka. Nilipokuwa nimepiga magoti hapo ndipo nilipouangalia kwa mara ya kwanza. Mashupatu yameunganishwa kwa uzi wa ukindu wenyewe, na nilitafuta mshono kwa kidole mara mbili kabla sijauona. Nikakumbuka goti la twiga.

Nikapiga simu Kilwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umepatwa na nini? Mbona hata mwisho wa mwezi bado?"

"Sina shida mama. Nauliza tu, ule mkeka ulionipa, ulikuchukua siku ngapi?"

Kimya. Nikasikia kuku upande wa pili.

"Siku nani anahesabu? Nilianza kuchana ukindu Rajabu. Ramadhani ilipokwisha ndiyo nikamaliza kushona. Macho yenyewe haya, usiku sioni."

Nikahesabu kwa vidole. Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Miezi mitatu iko chini ya pikipiki.

"Upo lakini?" akauliza.

"Upo mama."

"Usiuanike sana juani, rangi itakwenda."

Nikaangalia mkeka umetanda juu ya ukuta wa uani, jua la saa sita linaupiga. "Sawa mama."

Ili nibadilishe mazungumzo nikamsimulia Masaki yote, twiga, juisi puani, ziwa, majani yanayoitwa chuspata. Lile jina lilimfurahisha sana, akalirudia mara tatu akicheka. Kisha akauliza huyo twiga ni wa kulalia au wa kukalia. Nikamwambia ni wa kuangalia tu. Akaguna.

"Watu wana nafasi," akasema, akakata simu.

Saa mbili usiku naona namba ya Kilwa. Moyo ukanipasuka, mnajua simu za nyumbani usiku. Nikapokea haraka.

"Eti wewe," mama mkubwa akasema bila hata salamu, "huyo mnyama wao, shingo wameianzia juu au chini?"

Nikamwambia sijui.

"Si ulikuwa umeishika? Nenda kaangalie basi. Miguu naiona inavyokwenda, tumbo naliona. Shingo ndiyo inanisumbua tangu alasiri."